Moshi wa Mashine ya Naelijwa

Moshi wa kuamka si moshi wa kuungua. Ndivyo shangazi yenu alivyomwambia dada yenu Nanzia, aliyerudi asubuhi hii kwenye cherehani yake baada ya miaka mitatu na mshono wake wa kwanza ukaenda kombo. Nanyi mkaangua kicheko, mkaniuliza kama huko kwetu nguo hutoa moshi. Haya, endeleeni kupukuchua mahindi huku mnasikiliza. Maneno hayo yalizaliwa kwetu Upare, katika kijiji cha Ngarambo, na mimi nilikuwepo. Tena nilikuwa upande wa wajinga.

Pale Ngarambo palikuwa na mashine moja tu ya kusaga, ya dizeli, ya kuwashwa kwa hendeli. Mwenyewe alikuwa Eliangiringa, mume wa Naelijwa. Kila asubuhi, ukungu ukiwa bado umelala bondeni, tulisikia tu-tu-tu, tu-tu-tu, na hatukuona mashine wala banda lake. Mgeni angedhani ni mlima wenyewe unapumua. Watoto walizaliwa wakiisikia sauti ile, na wagonjwa walipata usingizi kwa ajili yake. Siku Eliangiringa alipofariki, Naelijwa alifunga banda, akaufunga ufunguo kwenye pindo la khanga yake, na mlima ukanyamaza.

Ukanyamaza miaka sita. Tukawa tunashuka na mahindi hadi tambarare na kupanda tena na unga, siku nzima imekwisha njiani. Naelijwa hakulia msibani, wala hakulia baadaye. Alilima, alipika, aliitikia salamu vizuri, lakini ukizungumza naye ulihisi kwamba anasikiliza kitu cha mbali, na wewe unamzuia asikisikie.

Ndipo shemeji yake, Elieshi, alipomletea mnunuzi wa chuma chakavu. Elieshi hakuwa mtu mbaya. Alichoka tu kuona mashine ya kaka yake ikiliwa na kutu.

"Shemeji," akamwambia, "kilichokufa kimekufa. Acha kiondoke."

Naelijwa alishika pindo la khanga yake, pale ulipofungwa ufunguo. Kisha akasema, "Nipe siku moja. Ikiwaka ikasaga debe moja la mahindi, inabaki. Isipowaka, ichukueni, nami sitaiuliza tena."

Elieshi akakubali upesi, maana alijua haitawaka.

Akaitwa Fundi Mchomvu. Mzee huyu alikuwa ameishi kando ya injini hadi masikio yake yakachoka. Alichukua nusu ya neno, nusu nyingine akajijazia mwenyewe. Ukimwuliza habari za mama, anakueleza bei ya nyama. Lakini mikono yake haikuwa na uziwi. Alimwaga mafuta ya zamani akatia mapya, akadondosha oili ndani ya silinda, kwa kuwa pistoni ilikuwa imeshikana, akaanza kuizungusha taratibu, kama anayemgeuza mgonjwa kitandani.

Sisi wanawake tulijaa nje na madebe yetu. Ukungu wa siku ile ulikuwa mzito, nikawa naona miguu ya wenzangu bila nyuso zao. Gari la chuma chakavu lilikuwa limeshafunguliwa nyuma.

Fundi akapiga hendeli. Kimya. Akapiga tena, mashine ikakohoa. Mara ya tatu ikashika, na hapo moshi ukatoka! Ulikuwa mweupe kwanza, kisha wa bluu, ukachanganyika na ukungu hata hatukujua upi wa Mungu na upi wa mashine. Banda likapotea machoni petu. Chini ya miguu ardhi ikaanza kutetemeka ule mtetemeko wa zamani, na kwa kitambo kidogo, wallahi, niliona marehemu mama yangu amesimama kwenye foleni na kikapu chake, ananingoja. Halafu moshi ukanikaba koo, nikaingiwa na hofu.

"Inaungua!" nikapiga kelele. "Fundi, zima! Zima!"

"Zima, mzee!" Elieshi naye akapaza sauti. "Utatuchomea banda!"

Tukaitikia wote, "Zima! Zima!"

Kichwa cha Fundi Mchomvu kikachomoza kwenye moshi. Alikuwa anatabasamu.

"Eeh, nzima!" akajibu. "Hata mimi naona ni nzima!"

"Zima, baba!"

"Nzima kabisa! Asanteni, wanangu!" Akaizidishia mafuta.

Elieshi akataka kuingia aizime mwenyewe. Naelijwa akasimama mlangoni, akashika miimo yote miwili.

"Huingii, shemeji."

"Inaungua, huoni?"

"Kama inaungua, basi iungue ikiwa kazini."

Wakatazamana hivyo, moshi ukiwapita mabegani. Sijui ilikuwa dakika ngapi. Ninachokumbuka ni kwamba nilianza kuuona ukucha wa Naelijwa, kisha kidole, kisha mkono mzima, na sauti ndani ikawa imetulia: tu-tu-tu, tu-tu-tu. Moshi ulikuwa umekuwa uzi mwembamba. Mahindi ya kwanza kumwagwa mashineni yalikuwa ya debe langu, na unga ulitoka una joto. Mwenye gari akafunga mlango wake wa nyuma bila kuulizwa.

Fundi alipokwisha kuizima, akatugeukia. "Nimezunguka vijiji vingi," akasema, "sijaona watu wa kuisifu mashine kabla haijasaga."

Tulicheka mpaka tukakaa chini. Alipoelezwa tulichokuwa tunasema, yeye hakucheka.

"Moshi wa kuungua naujua," akasema. "Ule ulikuwa moshi wa kuamka. Ni oili niliyotia na unyevu wa miaka sita, sharti vitoke. Mngeizima pale, isingewaka tena leo, na sasa hivi ingekuwa garini."

Wakati huo Naelijwa alikuwa amepiga magoti penye unga, ameuchota viganja vyote viwili. Akaanza kulia. Alilia kwa sauti ambayo sijaisikia tena, akimwita Eliangiringa kwa jina, bondeni mwangwi ukamrudishia. Tuliogopa kuliko tulivyoogopa moshi. Mimi nikamkimbilia, nikamshika bega.

"Nyamaza, mwenzangu, nyamaza, utaugua."

Fundi Mchomvu akanishika mkono. "Hata huyu unataka kumzima?"

Niliona haya, wanangu. Nikauondoa mkono wangu, nikaketi kando yake, nikamwacha. Alilia mpaka ukungu ukaondoka bondeni. Kisha akajipangusa uso, akabaki na unga shavuni, akatutazama mmoja mmoja kama aliyerudi safari.

"Debe la nani linafuata?" akauliza.

Baadaye wenzangu wakaniuliza nimemfanya nini hata akatulia. Nikawajibu kwamba sikumfanya kitu, nilimwacha tu, maana moshi wa kuamka si moshi wa kuungua.