Kibuyu cha Kwanza cha Nanzia

Hapo zamani, katika milima ya Upare, palikuwa na msitu juu ya chemchemi. Hakuna aliyeingia humo na shoka. Wazee walisema, "Mizimu inakaa humo."

Akaja Mchungaji Elinaza, akahubiri, "Anayemwamini Mungu haogopi mti!" Basi kila aliyebatizwa alikwenda kukata mti mmoja, aonyeshe imani yake. Imani ikakua, msitu ukaisha. Chemchemi ikakauka.

Wanawake wakaanza kuteka maji bondeni. Siku moja mmoja wao, Nanzia, aliteleza kwenye mteremko, mtoto mgongoni, ndoo kichwani. Ndoo ilipasuka. Mtoto alipona kwa neema tu.

Dakta Nakijwa, binti wa kijiji hicho hicho, akarudi kutoka mjini. Alikuwa msomi wa siasa. Kazi yake ilikuwa kuchunguza jinsi dini na sheria zinavyoponya ardhi au kuiua. Akakaa na halmashauri ya kijiji, wakatunga sheria: ni marufuku kukata mti. Watu wakaitikia, kisha wakakata upande wa pili wa mlima.

Dakta akaenda kwa Mchungaji. "Baba, sheria yangu wanaizunguka. Sauti yako hawaizunguki."

Jumapili Mchungaji akasimama mbele ya waumini. "Niliwaambia mti si Mungu, na ni kweli. Lakini sikuwaambia mti ni wa Mungu. Nimekosa. Nisameheni."

Mashoka yakatulia, isipokuwa la Kajiru, mchoma mkaa. Yeye hakuwa na shamba. Mkewe alimwuliza, "Ukiacha mkaa, tutakula mahubiri?" Hata hivyo, mwishowe Kajiru naye aliacha. Akapanda mikuyu pale juu ya chemchemi, akainywesha kwa maji aliyoyabeba begani kutoka bondeni. Nyumbani kwake walilala njaa mara nyingi.

Miaka ikapita, mikuyu ikashika, na maji yakarudi!

Sasa, desturi yao ni hii: maji yakirudi, mama anayenyonyesha huteka kibuyu cha kwanza, akampa mtu mmoja anywe. Chemchemi huitwa jina la huyo. Kibuyu hicho hakigawanywi. Mwaka ule aliyekuwa akinyonyesha ni Nanzia, amejaliwa mtoto mwingine.

"Mpe Dakta!" akasema mwenyekiti. "Sisi tulikaa tukilia tu, yeye ndiye aliyetuamsha."

"Mpe Mchungaji!" wakasema wazee wa kanisa. "Sheria ilikuwepo, na miti ikaendelea kuanguka."

"Mchungaji gani?" mke wa Kajiru akadakia. "Aliyetutuma kukata? Mume wangu ndiye aliyepanda!"

"Na tanuri lake lilimeza miti mingapi, wifi?" bibi mmoja akauliza. Watu wakacheka, na Kajiru naye akacheka.

Dakta akasema, "Sitadanganya, nakitamani. Mama yangu alikufa akiniuliza siasa itamfaa nani."

Mchungaji akasema, "Mimi nilijishusha mbele ya watoto wangu wa kiroho. Haikuwa rahisi."

Kajiru akasema, "Mimi sijui kusema. Miti ile pale."

Nanzia akasimama, mtoto mgongoni, kibuyu kimejaa mikononi. Akawatazama watatu wale, machozi yakamtoka kwa furaha.

"Asante ninazo tatu," akasema polepole, "na kibuyu ni kimoja."

Kibuyu kikaanza kuvuja, maji yakadondoka kati ya vidole vyake.

Haya, ninyi mnaonisikiliza, mpokeeni Nanzia hicho kibuyu kabla maji hayajaisha. Nani alistahili kunywa?