Hodi ya Mwanamize

Katika mji wa Rasi Mirani alitawala Sultani Haidari bin Sufiani, na mji huo ulikuwa ukikua kila uchao kama unga uliotiwa hamira, kwa kuwa mjenzi wake hakuwa mwanadamu bali jini Mardufi, aliyefungwa kwa pete ya Sultani. Kifungo chake kilikuwa na sharti moja: angekuwa huru siku ambayo binadamu angemkaribisha nyumbani kwake. Lakini nani amkaribishe jini? Naye Sultani, kwa uadilifu wake, aliamuru nyumba kuukuu isibomolewe mpaka hodi ipigwe mlangoni mara tatu, na ikijibiwa iachwe milele.

Basi sifa za mji zikaenea, na wageni wakaja kutoka bara kuitazama ngome ya kale, na kuogelea ghubani, na kuteleza juu ya vilima vya mchanga. Miongoni mwao alikuwamo Mwanamize. Alizaliwa mjini humo, na alipokuwa na miaka saba wazazi wake waliachana, na baba akamchukua bara na kumkataza kurudi. Miaka ishirini alitamani kumwona mama yake, Bi Tufaha, na baba alipofariki, akangoja arobaini ipite, akafunga safari.

Aliyewatembeza wageni alikuwa kijana mcheshi, jina lake Makame.

"Wewe bibie, ungependa kuona nini?"

"Mtaa wa Mkomamanga," akajibu kwa sauti ndogo.

"Huko imebaki nyumba moja tu, ya mlango wa buluu, nayo mwenyewe—"

"Basi tuanze na ngome," Mwanamize akamkatiza upesi, maana aliogopa atakaloambiwa.

Siku hiyo wakaizuru ngome, na siku ya pili wakaenda ghubani, na kila mara Mwanamize aliomba wapite njia ya mlango wa buluu, na kila mara alisimama, akainua mkono, akaona haya, akaushusha.

"Wageni wangu wote hutazama bahari," Makame akamtania, "wewe hutazama mlango. Kwani umekuposa?"

Siku ya tatu, alasiri, walikuwa kilimani, na watu wakiteleza na kucheka, mara wakaona vumbi likipanda Mtaa wa Mkomamanga. Sultani alitaka bustani pale, naye amemtuma Mardufi. Mwanamize akateremka mbio, viatu mkononi.

"Hodi!" Mardufi akanguruma, na madirisha yakatetemeka. Kimya.

"Hodi!" Kimya.

Mwanamize akajipenyeza chini ya kiwiko chake. "Bwana Mardufi, kwa hisani yako, hodi ya tatu niachie mimi."

"Piga, bibi. Mimi nimechoka kupiga."

Akaweka kiganja mlangoni. "Hodi, mama."

Na ndani sauti ya Bi Tufaha ikajibu, "Karibu, mwanangu! Umechelewa, chakula kimepoa."

Akausukuma mlango. Kitanda kilikuwa kitupu, na juu yake tundu la ndege, na ndani ya tundu kasuku aliyejikunyata kwa ngurumo ya jini.

Makame akafika akihema. "Bi Tufaha alifariki mwaka jana, dada yangu. Nilimwahidi kumlisha ndege wake, nami kila asubuhi humtilia mtama. Kila aliyepiga hodi, yule mama alimjibu hivyo, akidhani ni binti yake, na ndege akayashika maneno. Sikujua binti ndiye wewe."

Mwanamize akakilalia kile kitanda, akalia mpaka mto ukalowa. Alipotoka alimkuta jini ameketi njiani, uso umelowa.

"Miaka mingi napiga hodi," akasema, "na karibu niliyoisikia leo nayo si yangu."

Mwanamize akajifuta macho. "Mama yangu hakumfukuza aliyebisha. Karibu ndani, Bwana Mardufi."

Papo hapo pete ikakatika kidoleni mwa Sultani. Mardufi akainama, akaingia, akanywa maji kikombe kimoja, akamwaga lulu katika kibakuli cha mtama, akaenda zake kwao Mlima Kafu.

Sultani akaja na mawaziri wake, akasema, "Ewe binti, neno la mtawala halibomolewi. Nyumba hii ni yako na kizazi chako."

Baadaye Makame akamposa Mwanamize, akakubaliwa, na mji ukaendelea kukua, polepole, kwa mikono ya watu.

Nasi tuliopokea habari hii twasema: mlango unaoutamani, ubishe mapema. Kwa maana kila alasiri kasuku huita, "Karibu, mwanangu, umechelewa," naye Mwanamize huacha alichoshika, akajibu, "Nimefika, mama."