Kisigino Juu ya Chokaa

Hapo zamani, wala si zamani ya wafalme na majini, ni zamani ya juzi tu ambayo watu wake bado hawasalimiani, palikuwa na mji wa reli wenye kiwanda cha magunia. Nyuma ya kiwanda palikuwa na uwanja, na katika uwanja huo kila Jumamosi asubuhi watu walicheza diski.

Diski ni kile kisahani cha plastiki kinachorushwa. Watu saba huku, watu saba kule. Ukiidaka huruhusiwi kukimbia nayo. Unasimama, mpinzani anakuhesabia kwa sauti, na kabla hajafika kumi uwe umeshamrushia mwenzako. Mwenzako akiidaka ndani ya eneo la mwisho, goli. Akikanyaga mstari wa pembeni, hata kwa kisigino tu, hakuna goli, na diski inakuwa ya wapinzani.

Na mchezo huo hauna refa. Hapo msikie vizuri, maana ugomvi wote ulitoka hapo. Hauna refa, hauna filimbi, hauna kadi. Umemgonga mwenzako, unasema mwenyewe: "Rafu, nimekugonga." Umekanyaga mstari, unasema mwenyewe: "Nimetoka." Refa ni mdomo wako.

Timu zilikuwa tano. Mwaka ule kiwanda kikamega kipande cha uwanja kujenga ghala, na wenye ligi wakatangaza: msimu ujao nafasi ni za timu nne. Timu mbili za mkiani zicheze, itakayofungwa ifutwe. Timu mpya haisajiliwi. Timu zilizobaki zisizidi watu kumi na sita kila moja. Kwa hiyo aliyekosa timu, amekosa Jumamosi.

Timu za mkiani zilikuwa Radi na Kipanga.

Radi iliongozwa na Lugano, fundi wa kuchomelea mageti. Lugano ndiye aliyeuleta mchezo ule mjini. Ndiye aliyewafundisha watu kurusha, wa Radi na wa Kipanga, mmoja mmoja, miaka sita. Na katika miaka sita hiyo hakuna aliyewahi kumsikia Lugano akisema uongo uwanjani, hata wa kupunguza aibu.

Radi ilikuwa na Stamili, mwanamke mrefu, mshona magunia kiwandani. Siku sita alikaa mbele ya mashine mpaka mgongo ukawa kama ubao. Siku ya saba aliruka. Hakuwa na starehe nyingine.

Na Radi ilikuwa na Fikirini, fundi baiskeli. Mkono mzuri, mdomo mbaya. Wiki moja kabla ya mechi alikuwa amemwita Lugano "kapteni wa mageti" mbele za watu. Lugano akamwambia, "Sawa. Mechi ya Kipanga hugusi uwanja." Fikirini akadhani anatania. Hakutania.

Basi mechi ikachezwa. Fikirini akakaa kwenye kona, pale mstari wa pembeni unapoishia, na ndoo ya maji. Kila mtu wa Radi akija kunywa alimwambia, "Mwaga kidogo kichwani, fundi." Alimwaga. Mmoja akamwambia, "Fikirini, umekaa hapo mpaka umeota mizizi." Watu wakacheka. Lugano naye akacheka.

Ikafika kumi na mbili kwa kumi na mbili. Wa kwanza kufika kumi na tatu ndiye mshindi. Goli moja, timu moja ibaki, timu moja ife.

Radi wakawa na diski. Lugano akakimbia kando ya mstari, akasimama karibu na kona. Mwenzao akarusha mrusho mrefu. Diski ikapaa, ikapinda, ikaanza kutoka nje. Stamili akatimka, nyuma yake Mbonea, kapteni wa Kipanga, dada mmoja mpole anayefundisha chekechea. Stamili akaruka. Jamani, aliruka! Akaidaka kwa vidole viwili, akatua, akaviringika, akainuka akipiga kelele, "Goli!"

Radi wote wakavamia uwanja.

Mbonea akainua mkono. "Stamili, dada yangu, nadhani ulikanyaga mstari."

"Sikukanyaga."

"Sina hakika, nilikuwa nyuma yako. Lakini nadhani."

"Mimi sikuhisi kitu, Mbonea. Haki ya Mungu, sikuhisi."

Mbonea akamgeukia Lugano, aliyekuwa amesimama hatua mbili kutoka pale. "Kaka Lugano, wewe ulikuwa hapo. Yuko ndani au nje?"

Lugano alikuwa ameona. Kisigino cha Stamili kilitua katikati ya mstari na chokaa ikaruka kama unga. Aliona kwa macho yake mawili. Akawatazama watu wake, wanarukaruka, wanalia, wanakumbatiana.

Akasema, "Ndani."

Mbonea akashusha mkono. "Kama Lugano amesema, basi. Ni goli. Hongereni."

Kipanga wakaanza kuvua viatu. Imekwisha. Radi wamebaki, Kipanga wamekufa.

Ndipo pale kwenye kona Fikirini akasimama. Akaipiga ndoo teke, maji yakamwagika yote.

"Nje!" akasema. "Kisigino kizima! Kapteni wa mageti ameona na mimi nimeona. Mwongo mkubwa!"

Pakachafuka. "Kaa chini, msaliti!" "Amelewa huyo!" "Mshikeni mdomo!" Kijana mmoja wa Radi akamkwida shati, vifungo viwili vikaruka. Fikirini akacheka. Ndiyo, alicheka, kicheko cha mtu aliyeisubiri nafasi hiyo tangu asubuhi. "Nipigeni! Mkimaliza kunipiga, nje itabaki nje!"

Lugano akasema kwa utulivu, "Msimsikilize. Ana hasira ya kuwekwa benchi." Na hilo nalo lilikuwa kweli.

Mbonea akasema, "Mimi nimeshakubali neno la Lugano. Silirudishi. Goli ni lenu, mkilitaka."

 Stamili alirudi pale alipotua. Mstari ulikuwa umefutika mahali pamoja, alama ya nusu mwezi. Akainua mguu, akaweka kisigino juu ya alama. Kikakaa. Akakitoa, akakiweka tena. Kikakaa.

"Stamili," Lugano akamwita, "ondoka hapo. Mistari hii imekanyagwa na watu asubuhi nzima."

"Huenda."

"Sasa?"

"Sasa mimi siwezi tena kusema nilikuwa ndani." Akamwendea Mbonea, akampa diski mkononi. "Nimetoka. Chezeni."

Kipanga wakavaa viatu. Wakarusha mara saba, wakafunga. Kumi na tatu. Radi wakafutwa.

Msiniulize matusi yaliyotembea pale. Watu kumi na mmoja wa Radi walibeba mabegi yao wakaondoka, na kila mmoja alipopita alitema neno lake. Kwa Lugano: "Umetuaibisha." Kwa Fikirini: "Umetuuza." Kwa Stamili: "Nani alikuomba utakatifu?" Wakabaki watatu uwanjani, hawatazamani.

Mbonea akawafuata, ana karatasi ya usajili na shati moja la Kipanga.

"Sisi tuko kumi na tano," akasema. "Nina nafasi moja. Wenye ligi wanafunga karatasi saa sita kamili, na sasa ni saa sita kasoro robo. Siwezi kuwachukua watatu, siwezi kuwachukua wawili. Semeni."

Stamili akasema, "Nipe mimi. Goli lilikuwa langu. Wewe ulishalikubali, Kipanga walishavua viatu. Hapakuwa na mtu wa kunilazimisha. Nililitoa kwa mkono wangu huu, nikijua natoa Jumamosi zangu zote. Mchezo hauna refa. Mimi ndiye niliyekuwa refa."

Fikirini akaruka. "Ulikuwa refa baada ya mimi kusema! Kabla ya hapo ulikuwa wapi? Ulikuwa unapiga kelele goli, goli! Mbonea alipokuuliza, ulitazama chini? Hukutazama. Ningenyamaza, sasa hivi mngekuwa mmebebana mabegani."

"Niliamini nilichosema."

"Uliamini unachotaka, dada."

Kisha Fikirini akasema, "Nipe mimi. Kati ya watu wote waliosimama uwanja huu, mimi peke yangu nilisema kweli papo hapo. Sikusubiri kuulizwa, sikupima viatu. Nimekwidwa, nimetukanwa, nimepoteza vifungo. Na timu iliyokufa ni yangu pia! Bila mimi, Mbonea, wewe leo huna timu. Shati hilo limo mkononi mwako kwa sababu ya mdomo wangu."

Lugano akasema, "Kwa sababu ya chuki yako. Niambie hapa mbele ya Mbonea: ningekuweka uwanjani leo, ungesema?"

 Fikirini akasema, "Sijui. Lakini wewe hukuwekwa benchi, na hukusema."

Lugano akavuta pumzi. Uso wake ulikuwa umeiva kwa hasira, wala haikujulikana anamkasirikia nani.

"Nipe mimi," akasema. "Ndiyo, niliona. Nilidanganya. Ninalisema sasa na hakuna aliyenishika koo. Lakini nisikilize, Mbonea. Miaka sita nimesema kweli. Nimesema kweli tukafungwa fainali, nimesema kweli tukashuka mkiani. Nani alikufundisha wewe kurusha? Nani aliipima mistari hii kwa kamba? Leo nilitazama watu wangu kumi na watatu, nikaona wanakufa kwa kisigino kimoja. Sikudanganya kwa ajili yangu. Neno moja, miaka sita. Utanipima kwa lipi?"

Stamili akamgeukia. "Ulinifanya mimi mwizi, Lugano. Ulisema 'ndani' na mimi nikafurahi. Ningezeeka nikijisifu kwa goli la wizi, na wewe ukijua, unanitazama tu."

"Nilitaka ufurahi."

"Nani alikutuma?"

Fikirini akapiga makofi. "Mwambie!"

"Na wewe funga bakuli lako!" Stamili akamgeukia. "Ulisema kweli kama mtu anayerusha jiwe. Hukuwa ukiutetea mstari. Ulikuwa ukimlenga Lugano, na sisi wengine tulikuwa njiani tu."

"Kwa hiyo kweli yangu ni uongo?"

"Sikusema hivyo."

"Basi umesema nini?"

Mbonea akawageukia watu wake wa Kipanga. Nako kukawaka moto. Mmoja akasema, "Mpe Stamili, aliyetoa alichoshika." Mwingine akasema, "Angetoa nini kama Fikirini asingepiga kelele? Mpe Fikirini, tukimkosea atatuambia." Wa tatu akasema, "Mchongezi huyo? Kesho atatuuza sisi. Mpe Lugano, hapa sote ni wanafunzi wake." Wa nne akasema, "Tumpe shati mtu aliyetaka kutuzika tuko hai?" Wakakaribia kushikana wao kwa wao, washindi, na goli bado la moto.

Mbonea akapiga kelele mpaka mishipa ya shingo ikamtoka, yeye ambaye hata watoto wa chekechea hawajamsikia akipaza sauti: "Nyamazeni! Kalamu ninayo mimi!"

Wakanyamaza. Zimebaki dakika tatu. Shati liko begani mwake, karatasi imelala juu ya goti, kalamu imegusa mstari wa kumi na sita.

Sasa nyinyi mnaosikiliza, shikeni kalamu hiyo. Wala mtu asiniambie "wote watatu", shati halikatwi vipande. Wala asiniambie "hakuna hata mmoja", hayo ni maneno ya mtu anayetaka kwenda kula. Yupo aliyeisema kweli mapema kwa moyo mchafu. Yupo aliyeisema kwa moyo safi akiwa amechelewa. Yupo aliyeisema miaka sita, akaikana siku moja kwa kuwapenda watu wake.

Je, nani alistahili shati lile?