Waya wa Tatu

Aliyezoea kupika kwa kuni hahitaji kuelezwa. Chungu ukikiteleka juu ya jiwe moja kitaanguka, juu ya mawili kitayumba, na uji wote utaishia majivuni. Ndiyo maana wahenga wakanena kwamba jifya moja haliinjiki chungu. Yaani kazi nzito haimalizwi na mtu mmoja, hata awe fundi wa namna gani. Tord Ahlqvist hakuliamini neno hilo. Kwao katika jimbo la Småland, kaskazini ya mbali, baba yake alimlea kwa neno jingine: mwanamume hasa hujimudu mwenyewe.

Tord na dada yake Ingegerd walikuwa na karakana ndogo kando ya msitu wa misonobari, na ndani yake mashine ya kukata chuma waliyoiita Bibi. Bibi alikuwa na miaka arobaini. Maagizo yake aliyasoma kwenye mkanda wa karatasi uliotobolewa matundu: asome mstari, akate, asome mwingine. Baada ya Pasaka kisomeo cha mkanda kikafa, na vipuri vyake havitengenezwi tena popote. Bibi akawa kama mtu mwenye nguvu zake aliyezibwa masikio.

Mara ikaja habari ya kuchangamsha moyo. Kiwanda cha vitanda vya hospitali kilitaka bawaba nyingi. Bi Wadsten, mnunuzi wao, angefika Ijumaa saa nane mchana aone moja ikikatwa mbele ya macho yake. Ikishindikana, kazi ingekwenda mji mwingine, na Bibi angekwenda kwa wanunua vyuma chakavu.

"Akienda Bibi, nami naenda," alisema Ingegerd, aliyekuwa ameiendesha mashine hiyo miaka thelathini na mmoja.

"Haendi mtu hapa," Tord akajibu. "Nitamtia masikio mapya. Peke yangu."

Siku tatu aliinama ndani ya kabati la umeme la Bibi. Akalehemu kadi ndogo ya elektroniki mahali pa kisomeo, kisha akavuta nyaya mbili hadi kwenye kompyuta ya kukunja: mmoja wa kusemea, mmoja wa kusikilizia. Alhamisi asubuhi kompyuta ikatuma herufi zake moja moja, kama siafu katika msafara. Bibi akanguruma, akasogeza kisu chake, akakata! Tord akaruka kama mwanambuzi.

Ilipogonga saa tatu na nusu, Bibi akapagawa. Herufi zikamwagika kwenye kioo chake kama ushanga uliokatika uzi, na kisu kikasimama. Baada ya nusu saa akapona. Saa nane na nusu akapagawa tena. Ijumaa asubuhi, saa tatu na nusu, mambo yakawa yale yale.

"Tord," Ingegerd akasema, birika la umeme mkononi, "kila nikichemsha kahawa Bibi anapotewa na akili."

"Dada, kahawa na kompyuta wapi na wapi?"

"Mimi sijui. Nachomoa waya wa kompyuta ukutani nipate tundu la birika, tukishakunywa naurudisha. Si umesema ina betri? Ninachokiona ndicho ninachokwambia. Kamwulize Holger, mashine za rika hili amezitengeneza maisha yake yote."

"Holger? Afadhali nimwulize paka."

Holger alikuwa na karakana ng'ambo ya barabara. Yeye na Tord hawakusemezana kwa miaka kumi na mmoja, tangu walipompiga risasi paa mmoja mkubwa msituni, kila mtu akidai yake ndiyo iliyomwangusha.

Saa saba ikapita. Tord akamtazama dada yake. Alikuwa akimfuta Bibi kwa kitambaa, taratibu, kama anayeaga maiti. Tord akatupa koleo mezani, akavuka barabara.

"Ohoo!" Holger akapaza sauti. "Umekuja kukiri kuwa risasi ilikuwa yangu?"

"Nimekuja kuazima kichwa chako. Ya risasi baadaye."

Holger akacheka, akachukua kofia. Alipofika akachungulia kabatini. "Nyaya ngapi?"

"Mbili."

"Mbili! Jirani, umeme hupimwa kama kimo. Hawa wawili, Bibi na kompyuta, wasiposimama sakafu moja, huyu atajuaje kama mwenzake kapanda au kashuka? Kompyuta ikiwa imechomekwa, sakafu wanaipata huko ukutani. Dada akichomoa, inaning'inia hewani."

Tord akajipiga kipaji cha uso. "Lo! Na hili nalijua tangu shule!"

"Unalijua, ila hukuwa na wa kukukumbusha. Lete waya."

Saa nane kasorobo waya wa tatu ulikuwa umefungwa, kutoka sufuri ya kompyuta, ile sakafu yake, hadi sufuri ya Bibi. Bi Wadsten akaingia akikung'uta mvua. Bibi akaanza kukata, mstari kwa mstari, vumbi la chuma likimeta. Na mgeni, kwa desturi, lazima apewe kahawa. Ingegerd akaenda ukutani akachomoa kompyuta.

"Dada, usi..." Moyo wa Tord ukasimama.

Bibi hakusimama. Birika likachemka, kisu kikazunguka, bawaba ikatoka ina joto kama mkate. Bi Wadsten akaipima, akaigeuza, akaipima tena.

"Mnaweza kuanza Jumatatu?"

Ingegerd akamkumbatia Bibi, mafuta na yote. Tord akammiminia Holger kahawa kabla ya kujimiminia mwenyewe.

"Yule paa," akasema kwa sauti ya chini, "nadhani hakuanguka kwa risasi moja."

"Hata mimi nadhani hivyo," akajibu Holger.

Dada aliona, jirani akaeleza, fundi akaunga. Na Bibi anakata chuma hadi leo. Hakika, jifya moja haliinjiki chungu.