Tangi la Mwajabu na Ndoo ya Chausiku

Hii nimeletewa na mtu, nami nimeona si vizuri nikae nayo peke yangu. Isome taratibu, na usikimbilie kusoma funzo kwanza, maana nawajua.

Mjini Morogoro aliishi mwanamke aitwaye Mwajabu, na sifa yake kubwa ilikuwa usafi. Si usafi huu wetu wa kufagia asubuhi na kupiga deki mara moja moja. Mwajabu akimaliza kuosha vyombo, aliosha na karai la kuoshea vyombo. Majirani walimtania kwamba ipo siku ataosha hata sabuni.

Mwajabu aliolewa na Shomari, fundi cherehani aliyefiwa na mkewe na kubaki na binti mdogo, Chausiku. Mtoto hakuwa mkorofi. Alikula, alioga, akitumwa alikwenda. Ila hakuwa na maneno. Asubuhi alisema "Shikamoo" akaishia hapo hapo, bila "mama," bila "mama mdogo," bila chochote. Jambo hilo lilimuuma Mwajabu kuliko kama angetukanwa.

Siku moja akamuuliza mumewe, "Hivi huyu mtoto anapenda nini?"

"Samaki," Shomari akajibu.

"Wa kukaanga?"

"Wa kutazama, mke wangu. Yeye na marehemu mama yake walikuwa na tangi la kioo, lina mimea na samaki wadogo ndani. Tulipohamia huku likapasuka. Kilichobaki ndicho kile alichokiweka kwenye ndoo."

Mwajabu aliijua ndoo hiyo, na walikuwa hawapatani. Ilikaa uani nyuma ya jiko, imejaa maji ya kijani. Ndani mlikuwa na majani, konokono kadhaa, na sponji jeusi lililolegea kama mkate uliolowa chai. Kila alipotaka kuimwaga, Chausiku alikuja akasimama mbele yake, kimya, mpaka Mwajabu mwenyewe akaondoka.

Basi Mwajabu akasema moyoni: kama ni tangi tu, nitamnunulia jipya, zuri kuliko lile. Mwenyewe ataniita mama.

Akanunua tangi, changarawe nyeupe, kipampu cha hewa chenye sponji jipya la kuchujia maji, mimea ya majini, na samaki watatu wenye mikia ya rangi. Changarawe akazisugua kwa sabuni ya unga. Mimea akaiosha jani moja moja. Tangi likang'aa, ungedhani halina maji.

Samaki walikufa kabla ya magharibi.

Mwajabu akarudi kwa muuza samaki amefura. "Umeniuzia wagonjwa!"

"Kwanza niambie, mama, uliosha kwa nini?"

"Kwa sabuni! Kwani wewe unaosha kwa nini?"

Muuzaji akashika kichwa. "Sabuni na samaki wapi na wapi, mama yangu?"

Mwajabu akanunua wengine. Safari hii hakugusa sabuni, na maji ya bomba aliyaacha yakae kwanza ili dawa ya kuyasafisha iishe. Lakini mkono wa Mwajabu ungekaaje bure? Kila alfajiri alimwaga maji yote, akatia mapya, na sponji akalikamua chini ya bomba mpaka likawa jeupe. Samaki wakaishi siku chache, kisha wakapanda juu wakitweta midomo wazi, wakafa.

Hapo hasira zikamwisha, akaanza kushangaa. Alivuta kigoda akakaa mbele ya tangi lisilo na samaki. Maji hayanuki. Hayana hata punje ya uchafu. Mbona kwenye mtaro wa sokoni, pamoja na maganda ya ndizi na kila takataka, kuna visamaki vinacheza? Na kule dukani matangi yamefanya ukijani, lakini samaki wamenona. Kuna nini humo ambacho humu hakimo?

Akaenda tena kuuliza. Muuzaji akajikuna. "Nisikudanganye, mama. Ninachojua, ya kwangu siyaoshi hivyo. Kwa nini, hata mimi sijui."

Jibu hilo halikumtosha, akajitafutia lake. Ndoo! Mtoto anashika ndoo ile chafu, kisha anakuja kushika tangi. Maradhi yote yanatoka huko. Alijiona mjanja kweli kweli, maskini.

"Chausiku," akatangaza, "nimevumilia vya kutosha. Ijumaa ndoo hiyo naimwaga."

Mtoto akatoka uani, akachuchumaa kando ya ndoo yake.

"Mke wangu, iache tu," Shomari akabembeleza.

"Nimeshasema."

Akanunua samaki kwa mara ya tatu. Alhamisi jioni nao wakapanda juu ya maji, wakaanza kutweta. Mwajabu akaingia chumbani, akajifunika kanga usoni, akalia. Hakuwa analilia samaki. Alimwambia Shomari, "Mtoto wako hatanipenda. Kila ninachomletea kinanifia mikononi."

Ijumaa asubuhi alipofika mbele ya tangi, alipiga ukelele. Maji yote yalikuwa ya kahawia! Tope linaelea, changarawe nyeupe zimekuwa nyeusi, samaki hata hawaonekani.

"Chausiku! Umenichafulia tangi makusudi!"

Akatoka mbio mpaka uani, akaikamata ndoo kwa mikono miwili, akainyanyua aimwage. Ndipo alipoliona lile sponji jeusi. Lilikuwa nusu, limekatwa kwa kisu.

"Usiimwage!" Chausiku alikuja mbio, miguu mitupu. "Nusu nyingine iko kwako!"

Mwajabu akabaki ameishikilia ndoo hewani. "Kwangu wapi?"

"Kwenye tangi, nyuma ya majani. Nimelikamua humo kidogo, halafu nikaliweka." Mtoto akavuta pumzi, na maneno yaliyokuwa yamekaa siku zote hizo yakamtoka kwa pamoja. "Mama alisema samaki wenyewe wanachafua maji, uchafu ambao hatuuoni. Halafu wapo wadudu wadogo sana, nao hatuwaoni, wanaula ule uchafu. Wanaishi kwenye sponji na kwenye changarawe. Wewe kila siku unawaosha. Tangi lako halina wenyeji."

"Sasa kwa nini hukuniambia?"

"Ulisema ni uchafu." Akafuta pua kwa kiganja. "Jana nilikusikia unalia. Wadudu hawa ni wa mama. Nimekugawia."

Mwajabu aliishusha ndoo polepole, kama mtu anayemlaza mtoto mchanga. Akakaa chini pale pale uani, kwenye udongo, yeye ambaye hata kitini hakukaa bila kupangusa. Akamvuta Chausiku, na mtoto hakujikaza.

Baadaye akauliza, "Sasa tufanye nini?"

"Tusifanye kitu."

Naapa, katika maisha yake Mwajabu hakuwahi kupewa kazi ngumu kama hiyo. Walikaa wawili mbele ya tangi. Mkono ukimwasha kuchukua kitambaa, anaukalia. Mchana tope likaanza kutulia. Jioni wakawaona samaki, bado wako juu, lakini wazima. Asubuhi iliyofuata maji yalikuwa yamechujika, na mmoja wao alikuwa ameshuka chini, anadonoadonoa jani lenye vumbi jeusi la ile ndoo.

Chausiku akaegemea bega la Mwajabu, akanyoosha kidole.

"Mama mdogo, ona. Yule mwekundu anakula."

Mwajabu akaitikia kwa kichwa kwamba ameona. Pembeni ya kioo palikuwa na doa dogo la kijani limeanza kuota. Aliliona vizuri sana, na aliliacha.

Funzo: Ukiingia katika nyumba iliyokuwa na mwenyewe kabla yako, usianze kwa kuosha kila kitu, huenda hicho unachokiita uchafu ndicho kinachowaweka watu wake hai, na siku wakikugawia, kipokee kwa mikono miwili.