Kikapu Kimoja cha Mkamburi

Kuna fumbo nimelibeba tangu nywele zangu zikiwa nyeusi. Leo ni nyeupe, na bado sijalifumbua. Sogeeni, nanyi mlibebe.

Walikuwapo watu watatu. Bibi Wawuda wa milima ya Taita hakujua kusoma, lakini hakuna kilichompita bila kukihesabu. Daktari Chelagat alijua kusoma hata yasiyoandikwa. Na Kitsao, mpishi wa wodi ya watoto, alijua kukaa na mtu.

Mkamburi, mjukuu wa Bibi, msichana wa miaka tisa, alikuwa akiharisha damu mwaka wa pili. Kila zahanati ilisema ni minyoo. Alimeza dawa ya minyoo mara tano, akabaki macho na mifupa.

Bibi alikuwa na kamba ya katani. Kila mtoto alipokwenda chooni, alifunga fundo. Palipokuwa na damu, alitia uzi mwekundu. Kwa kila dawa, ushanga mweupe. Aliificha kwenye leso kwa haya, maana ya chooni hayaonyeshwi wageni.

Daktari Chelagat alikuwa na miaka minne akichunguza magonjwa ya matumbo ya watoto. Wenzake walimwita Daktari wa Choo. Bibi alipomfikisha Mkamburi hospitalini kwake, alimuuliza:

"Huenda mara ngapi kwa siku, Bibi?"

"Mara kwa mara, mwanangu."

"Mara kwa mara ni ngapi?"

Bibi alimtazama, kisha akafungua pindo la leso. "Usinicheke."

Hakucheka. Aliinyoosha kamba mezani, akaona baada ya kila ushanga mafundo yalizidi. Wenzake walikwisha kuamua mtoto arudi nyumbani na dawa ya sita. Aliwazuia. Kamera ndogo ilipoingizwa, utumbo ulionekana umejaa vidonda: mwili wa mtoto ulikuwa ukijipiga vita wenyewe.

Tiba ilikuwa maziwa maalumu, wiki nane, bila chakula kingine. Siku ya tatu Mkamburi alifumba mdomo. "Nataka ugali!"

Kitsao alivuta kiti, akajimiminia maziwa yale yale. "Lo! Haya si maziwa, ni maji ya soksi. Tunywe pamoja, mwenzangu, tulalamike pamoja."

Mtoto akacheka, akanywa. Wiki nane, kila mlo, Kitsao hakuonja alichopika mpaka kikombe cha Mkamburi kikauke.

Kitandani pale Mkamburi alisuka kikapu chake cha kwanza. Nyumbani kwao, kikapu cha kwanza hakiuzwi wala hakigawanywi: hupewa mtu mmoja, unayemshukuru kuliko wote.

"Mpe Daktari," alisema Bibi. "Mimi nilifunga mafundo tu."

"Bila mafundo ningesoma nini? Mpe Kitsao. Dawa isiyonyweka si dawa."

"Mimi?" Kitsao alijipapasa tumbo. "Malipo yangu ni haya, nimeyavaa!"

Daktari alicheka nao. Lakini kwa miaka minne alikuwa amepewa kejeli tu. Alikitamani kikapu kile, akaona haya kukitamani.

Ikaamuliwa mtoto mwenyewe achague, akipeleke mwenyewe. Mkamburi akashuka kitandani, akatembea bila kushikwa, mara ya kwanza tangu alazwe. Akampa mmoja. Wawili waliobaki walikuwa wa kwanza kupiga vigelegele.

Nikiwatajia jina, mtaacha kufikiri. Kamba, jicho, kikombe: kingekosekana kimoja, mtoto asingesimama. Je, ungekuwa wewe umekishika kikapu, ungemwendea nani?