Nani Aanzishe Wimbo wa Mahafali?

Niazimeni masikio, wakubwa kwa wadogo. Nitayarudisha, ila yatarudi na swali.

Chuo chetu kipo Iringa, juu kilimani, na kina kwaya isiyomfanyia mtu majaribio. Mwalimu Mtweve anakuuliza mlangoni, "Umekuja kuimba?" Ukisema ndiyo, unaonyeshwa pa kusimama. Basi! Vyuo vingine vilikuwa vinatucheka, vinatuita kwaya ya makande, mahindi na maharage chungu kimoja. Tukawaacha wacheke.

Kati yetu walikuwepo watatu, wote wa mwaka wa mwisho. Kokubanza alikuwa na sikio. Ukikosea sauti ukiwa safu ya nyuma, yeye aliye mbele anageuka kukutazama. Lakini sauti yake ndogo, huisikii mpaka usimame naye bega kwa bega.

Nsajigwa alikuwa na besi, jamani! Akiimba, vioo vya madirisha vinatetemeka. Sikio ndilo hana, anachukua tu sauti ya aliye karibu naye.

Na Chiku? Chiku sauti yake inakwaruza kama sufuria inayosuguliwa kwa mchanga. Kwaya kadhaa zilikuwa zimemkataa kabla ya yetu. Ila maneno ya wimbo akiyasikia mara moja, hayamtoki tena.

Tamasha la vyuo likafika. Sisi huimba bila ala. Mwalimu anabonyeza kinanda mara moja tu, tunachukua sauti, tunaondoka nayo. Sasa kinanda cha ukumbi ule hakikuwa chetu, na waliotutangulia walikuwa wamezipandisha noti zake kwa kitufe wasizirudishe. Mwalimu akabonyeza palepale anapobonyeza siku zote, nasi tukaanza, juu kweli kweli! Ubeti wa kwanza tuliumaliza mishipa ya shingo imetutoka. Na ubeti wa pili ndio wenye mlima, wimbo unapopanda zaidi. Pale tungepasuka mbele za watu.

Baada ya ubeti wa kwanza huwa tunapiga makofi. Katikati ya makofi hayo Kokubanza akafumba mdomo, akaivumisha sauti yetu ya kila siku, ile ya chini. Aliyemsikia ni Nsajigwa peke yake, aliyesimama nyuma ya bega lake.

Nsajigwa akaipokea, akaifungulia kifua. Ukumbi mzima ukaisikia, nasi wote tukamfuata chini.

Tukashuka salama, lakini kwa mshtuko ule maneno yakatupotea. Wengine wako ubeti wa pili, wengine wa tatu, mimi naimba "la la la." Aibu gani! Ndipo Chiku akatoka mstarini bila kuambiwa, akawa anatuita kila mstari kabla hatujaufikia, kwa sauti yake ileile ya sufuria. Yeye anaita, sisi tunaitikia. Watu wakadhani tumefundishwa hivyo. Wakasimama, vigelegele!

Kwaya ya makande ikachukua kombe. Nililia, na sioni haya kusema.

Lakini kwetu kuna desturi. Aliyeiokoa kwaya ndiye anayeanzisha wimbo wa mahafali, peke yake, mbele ya wazazi, kabla sisi hatujafungua kinywa. Ni mmoja tu. Na hawa watatu wote wanahitimu, hakuna kuambiwa subiri mwakani.

"Miaka yote nimewasikiliza nyinyi," alisema Kokubanza. "Siku moja nisikilizwe mimi. Bila sikio langu mngepasuka."

"Na bila kifua changu, dada, nani angekusikia?" Nsajigwa akamjibu. "Sisi besi tunawabeba wenzetu kila siku. Hakuna besi aliyewahi kuanzisha."

"Mama yangu anakuja kutoka Mpwapwa," Chiku akasema. "Kila nilipokataliwa, yeye ndiye aliyenifuta machozi. Lakini msinihurumie. Nipeni kama ninastahili."

Mwalimu Mtweve akasema atajibu siku yenyewe.

Siku ndiyo hii. Majoho yamevaliwa, uwanja umejaa, watu wamenyamaza. Mwalimu ameinua mkono. Kokubanza hapepesi macho. Nsajigwa ameshavuta pumzi. Chiku amekamata pindo la joho lake, na kule nyuma mama mmoja amesimama juu ya kiti ili aone vizuri.

Haya, mkono huo nimeuweka kwenu. Mnamwelekezea nani?